Swali Kwanza, Makala Baadaye

Kadiri ninavyotafakari jinsi wataalamu wanavyojiendeleza kwa kusoma, ndivyo ninavyoona kwamba mambo mengi huharibika kabla ukurasa wa kwanza haujafunguliwa. Mtu huazimia kusoma zaidi, hupakua makala chungu nzima, hujaza folda, na miezi miwili baadaye folda iko vilevile alivyoiacha. Bidii anayo. Hana swali la kumwambia aanze na makala ipi na aiache ipi.

Swali linalofaa hutoka kwenye kazi yenyewe, pale panapomkera mtu kila siku. Tumchukue mwalimu wa hisabati. "Nifundishe vipi vizuri zaidi?" ni swali lisilotafutika. Lakini akiuliza, "Wanafunzi wa miaka 12 wanaosahau hesabu za sehemu, je, wakipewa majaribio mafupi kila wiki watakumbuka zaidi kuliko wakirudiwa somo?" hapo yamo mambo manne: nani, anafanyiwa nini, kwa kulinganisha na nini, na tokeo lipi litapimwa. Watu wa tiba wamekuwa wakiunda maswali yao hivi tangu miaka ya 1990, na mpangilio huohuo humfaa mhandisi, mhasibu au mkutubi.

Chini ya swali hilo napenda iongezwe mistari mitatu: ninafanya nini sasa, ninadhani jibu ni lipi, na ushahidi wa aina gani utanifanya nibadili mawazo. Hatua hii huonekana ndogo mno na wengi huiruka. Bila hiyo, msomaji huokota kila sentensi inayomuunga mkono, hupita haraka zile zinazompinga, kisha hufunga makala akiamini kwamba alijua tangu awali.

Kutafuta kwenyewe ni kazi ya nusu saa ikipangwa. Swali hugawanywa katika dhana mbili hadi nne, na kila dhana huandikiwa visawe vyake, maana watafiti wa nchi na miaka tofauti huita kitu kimoja kwa majina tofauti. Visawe huunganishwa kwa OR ("au" kwa Kiingereza), dhana huunganishwa kwa AND ("na"), kama yanavyoandikwa kwenye kisanduku cha kutafutia, na maneno yanayokwenda pamoja hufungwa kwa alama za kunukuu. Mapitio ya kimfumo yatangulie, kwa kuwa hapo tayari kuna mtu aliyekusanya tafiti nyingi na kuzipima kwa vigezo alivyovitaja. Katika afya, kazi hiyo imekuwa ikifanywa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti, tangu 1993. Ukipata makala moja nzuri, pita njia mbili: rudi nyuma kupitia marejeo yake, kisha songa mbele kwa kuona nani wameinukuu, jambo ambalo Google Scholar huonyesha chini ya kila tokeo. Makala ikidai malipo, tafuta nakala ya mwandishi kwenye hazina ya chuo chake, au mwandikie. Anwani yake huwa kwenye ukurasa wa kwanza, na wengi hufurahi kuulizwa.

Sasa kusoma. Makala ya utafiti haisomwi kama hadithi, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikisiri, yaani muhtasari ulio mwanzoni, husomwa kwa ajili ya kuamua tu kama makala inahusu swali lako. Baada yake nenda kwenye majedwali na michoro, kisha sehemu ya mbinu, na mjadala uje mwisho kabisa, ukiwa tayari umejijengea maoni yako. Mjadala ndiko mwandishi anakoshawishi. Mbinu ndiko anakoeleza alichokifanya. Hapo ndipo pa kukaa muda mrefu. Washiriki walikuwa wangapi, na walipatikanaje? Waligawanywa kwa bahati nasibu, au walijichagulia kundi? Wangapi walijitoa kabla ya mwisho, na kutoka upande upi? Aliyepima matokeo alijua nani yuko kundi gani?

Namba nazo zina mitego yake. "Hatari imepungua kwa nusu" inaweza kumaanisha kushuka kutoka watu 2 kati ya 1,000 hadi mtu 1 kati ya 1,000. Kauli zote mbili ni kweli, ila ya pili ndiyo inayosaidia kuamua kama badiliko lina thamani ya gharama yake. Vilevile thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kwa bahati tu kama hakuna athari yoyote, ikiwa chini ya 0.05 haisemi kwamba athari ni kubwa. Tazama kipindi cha uhakika, yaani namba mbili ambazo athari halisi inakadiriwa kuwa kati yake: ongezeko la alama 4 lenye kipindi cha kuanzia 0.2 hadi 7.8 linaweza kuwa karibu si kitu, na linaweza kuwa jambo kubwa.

Utafiti mmoja pia usibebeshwe mzigo wote. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia, na zilizotoa tena matokeo thabiti kitakwimu zilikuwa zaidi kidogo ya theluthi. Kabla ya kutegemea makala, angalia pia kama haijaondolewa na jarida lake. Ile makala ya 1998 katika jarida la tiba la The Lancet iliyohusisha chanjo na usonji iliondolewa rasmi mwaka 2010, na miaka yote 12 ya katikati ilikuwa ikisomwa na kunukuliwa.

Turudi kwa mwalimu wetu, kwa sababu swali lake lina jibu la kufundisha mengi. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walichapisha jaribio ambalo wanafunzi walisoma vifungu vifupi. Baadhi wakavisoma tena, wengine wakaandika walichokumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma tena walifanya vizuri zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, na waliojikumbusha wakawa mbele. Ushahidi huo unatia moyo, lakini washiriki walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu na walichosoma ni vifungu vya nathari, si hesabu za sehemu. Pengo hilo halifutwi kwa kutamani. Linafutwa kwa kutafuta tafiti za watoto na hisabati, na kwa kujaribu darasani.

Ugunduzi huo unamhusu msomaji mwenyewe pia. Kupiga rangi ya njano kwenye mistari hakumbakishii mtu mengi. Funga makala, andika nusu ukurasa kwa maneno yako: swali lao, walichofanya, walichokuta, udhaifu wao, na kazi yangu inaguswa wapi. Kisha fungua na urekebishe. Ukishindwa kuandika, basi hujaielewa bado.

Jaribio la kazini liwe dogo. Badili kitu kimoja tu, kwa wiki 6, ukiwa na kipimo kilichochukuliwa kabla ya kuanza: tuseme maswali 10 yenye ugumu uleule, yatolewe mwanzo, mwisho, na wiki tatu baada ya mwisho. Kipimo hicho cha baada ya wiki tatu wengi hukiacha, nacho ndicho kinachobeba jibu, kwa kuwa faida ya kujikumbusha huchelewa kuonekana. Kosa la pili ni kubadili mbinu, kitabu na ratiba kwa pamoja, kisha kuisifu mbinu. La tatu hujificha zaidi: watu huanza majaribio hali inapokuwa mbaya kupindukia, na hali ya namna hiyo mara nyingi hupanda yenyewe kidogo. Darasa jingine linaloendelea na utaratibu wa zamani husaidia kutenganisha hayo. Na kama matokeo yatatoka nje ya shule, ruhusa iombwe kabla, na majina ya watoto yaondolewe.

Kumbukumbu ya kazi hii yote hutosha ukurasa mmoja: swali, dhana ya awali, matokeo, uamuzi, tarehe. Andika pia maneno uliyotafutia, herufi kwa herufi, pamoja na jina la hifadhidata. Baada ya miezi 12 utayabandika palepale, uchuje kwa mwaka wa kuchapishwa, na kusoma tu yaliyoongezeka tangu uamuzi ule ufanyike.