Nyumba mbili, Mbagala na Dodoma

Mume wangu alihamishiwa Dodoma na ofisi yake mwaka 2021. Mimi nikabaki Mbagala na watoto wawili na cherehani tatu. Tulisema ni kwa muda tu. Akawa anakuja mwisho wa mwezi kwa basi, kutwa nzima njiani, anafika mdogo keshalala.

Treni ya SGR ilipoanza kwenda Dodoma Julai 2024, nusura tusihame kabisa. Saa nne hivi njiani, nauli ya kawaida 31,000. Baba watoto akaanza kuja kila baada ya wiki mbili, nami nikajua shida imekwisha. Kumbe. Siku moja nikachukua daftari langu la vipimo vya wateja, nikaandika ukurasa wa nyuma: kodi mbili, luku mbili, gesi mbili, nauli, na chakula cha kwa mama ntilie, maana mwanaume yule akijitahidi sana ni chai. Nikajumlisha mara mbili nikidhani nimekosea.

Lakini hesabu peke yake isingenitoa Mbagala. Miaka tisa nashona sare na nguo za sendofu mtaa uleule. Wateja hawabebwi kwenye lori.

Likizo ya Juni 2025 nikachukua watoto tukakae wiki tatu Nzuguni, alikopanga baba yao. Sikutaka kutembea, nilitaka kuishi: kupika, kufua, kwenda soko la Majengo. Siku ya kwanza nafua, sabuni ikakataa povu. Nasugua, inaganda vipandevipande kwenye beseni. Bibi wa jirani, Mgogo, akacheka sana. "Hayo ya kisima, mwanangu, yana chumvi. Ya bomba huku ni zamu, ukiyasikia usiku amka. Ukihamia, nunua simtanki kabla ya kochi."

Jioni upepo wa baridi, vumbi, midomo inapasuka. Mdogo alitoka damu puani mara mbili kwa ukavu wa hewa. Hapo nilikuwa nishaanza kusema moyoni, narudi zangu Temeke.

Ila baba yao alikuwa anatoka Mtumba kazini na kufika nyumbani jua halijazama. Mkubwa, aliyezoea kupiga picha hesabu za sehemu na kumtumia kwa simu, jioni moja alichukua tu daftari, akaenda kuketi pembeni yake. Hakuna aliyesema kitu. Mimi nilikuwa nachambua mchele.

Kilichobaki ni lini. Mkubwa alikuwa darasa la tano, na nilitaka amalizie la saba kwa walimu wanaomjua. Mwalimu wake mkuu ndiye aliyenizuia: akifanyia mtihani Dar, shule ya kutwa ya kidato cha kwanza atapangiwa hukohuko Dar, na mtaanza uhamisho upya. Tukahama Desemba, shule zilipofungwa. Nyumba ya vyumba vitatu, kodi ya miezi sita mkononi, na dalali naye akachukua mwezi wake.

Cherehani moja nimemwachia binti niliyemfundisha, ananitumia chochote kila mwezi. Hizi mbili huku zilikaa kimya wiki saba, ndipo jirani akaleta sare za wanawe.

Simtanki lipo, lita 1,000. Kochi bado, wageni tunawakaribisha mkekani.