Subiri, kuna kiatu cha pili

Wanafunzi wanaokuja kwangu kujifunza makala za video hutaka kuanza na mahojiano. Nawaelewa. Mtu anakaa, anaongea, unarudi nyumbani na kitu. Lakini mwanzoni mahojiano siyaruhusu kabisa. Zoezi la kwanza ni kumtafuta mtu anayefanya kazi ya mikono, kumwomba ruhusa, na kurudi na picha zitakazonieleza kazi hiyo bila yeyote kufungua mdomo. Kamera ni moja, na ni marufuku kumwambia mhusika afanye nini.

Kijana mmoja alimchagua fundi viatu. Nilikuwa nyuma yake nikitazama. Fundi alitoboa ngozi, akapitisha sindano, akauvuta uzi uliopakwa nta kwa mikono miwili mpaka ukalia. Kijana alikuwa mbali, kwenye picha pana. Aliposogea ili avipate vile vidole, uzi ulikuwa umeshakatwa. Akanigeukia, uso umemshuka.

“Mwalimu, nimeukosa.”

“Subiri,” nikamwambia. “Kuna kiatu cha pili.”

Kazi nyingi za binadamu hujirudia, na mwenye kamera moja anaishi kwa kujirudia huko. Kwa hiyo nawaambia: iweke kamera chini kwanza, utazame. Mkono unaanzia wapi, unaishia wapi, uso unabadilika lini? Ukishaujua mzunguko, kila unapopita unauchukua kutoka mahali pengine. Tundu hili unapiga vidole, linalofuata unapiga uso, jingine unapiga ukiwa nyuma ya bega lake ili tuone anachokiona yeye, na jingine unarudi mbali ili mtazamaji ajue tuko wapi. Ukifika kwenye kuhariri, mishono minne tofauti inaunganika kuwa mmoja. Kila picha ishike sekunde kumi bila kuitikisa kamera. Anza kurekodi kabla mkono haujaingia kwenye fremu, na usizime mpaka uwe umetoka. Mhariri atakushukuru kwa hilo kuliko kwa picha yoyote ya madaha.

Halafu baki upande mmoja. Chukulia kuna mstari kutoka machoni mwa fundi hadi kwenye kiatu. Ukiuruka, uzi uliokuwa unavutwa kulia utaonekana ghafla unavutwa kushoto, na mtazamaji atapotea asijue kwa nini.

Kuna anayeuliza kama kuunganisha mishono minne si kumdanganya mtazamaji. Swali zuri sana, na nalipenda kila linapokuja. Jibu langu ni kwamba fundi alikuwa anashona kweli, na angeshona hivyohivyo hata tusingekuwepo. Kumwomba mtu arudie kilio, au salamu ya mgeni aliyeingia mara moja tu, hilo ni jambo jingine. Mvutano huu ni wa zamani. Mtengeneza filamu Robert Flaherty, alipokuwa akipiga Nanook of the North, filamu ya maisha ya Wainuit wa kaskazini mwa Kanada iliyotoka 1922, alitumia nyumba ya barafu iliyojengwa nusu tu, upande mmoja uko wazi, kwa sababu ndani ya nyumba kamili mwanga usingetosha kamera yake. Darasani tunabishana juu ya nyumba ile mpaka sauti zinapanda. Kwa upande wangu, tukio likipita limepita. Mwanafunzi atafute namna ya kulieleza kwa kilichobaki: mlango, nyuso, kiti kilichosogezwa.

Mwaka 1978, mtengeneza filamu Mfaransa Jean Rouch na wenzake waliwafundisha vijana wa Msumbiji kutengeneza filamu kwa Super 8, utepe mwembamba wa filamu wa kamera ndogo, na kutokana na kazi ile Ateliers Varan, shule ya filamu za makala, ilianzishwa Paris mwaka 1981. Kaseti moja ya Super 8 ilikwenda dakika 3 na sekunde 20 tu, kwa mwendo wa fremu 18, yaani picha 18, kwa sekunde. Memori kadi za leo hubeba saa nyingi, na ndiyo maana nina zoezi la pili ambalo wanafunzi hulalamikia sana: dakika tatu za kurekodi, kwa mpangilio uleule utakaoonekana, hakuna kuhariri baadaye. Baada ya zoezi hilo mikono yao hutulia. Wanaanza kufikiri kabla ya kubonyeza.

Mipangilio ya kamera haituchukui muda mrefu. Fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde, rangi nyeupe ipimwe kwa karatasi nyeupe kila mwanga unapobadilika. Basi.

Sauti ndiyo inayotaka muda. Hedifoni masikioni, kila mara, hata kama unapiga ukuta. Nyundo ya fundi irekodi dakika mbili mfululizo bila kujali picha, maana sauti hiyo moja ukiilaza chini ya picha zote, zinashikana. Kabla ya kuondoka chumba chochote, waombe watu wanyamaze, urekodi dakika nzima ya ukimya wa chumba hicho. Kila chumba kina ukimya wake, na mhariri akiukosa, pale anapokata neno patasikika shimo.

Mahojiano huja mwisho, wakishajua kutazama. Kaa karibu kabisa na lenzi ili macho ya mhojiwa yasiende mbali. Mwombe aingize swali ndani ya jibu lake, kwa kuwa sauti yako itaondolewa. Akimaliza kujibu, usikimbilie swali linalofuata. Mtazame tu. Mara nyingi huongeza sentensi nyingine, na hiyo ndiyo tunayoitumia. Pa kukatia tunafunika kwa mikono yake, kazi yake, mahali pake. Picha za mwandishi akiitikia kwa kichwa, zilizopigwa mhojiwa akiwa ameshaondoka, mimi sizipokei.