Kitoto cha paka kilikuwa kinaharisha na kujisaidia kila kona, sasa kimepona

Jamani nimepumua. Kitoto cha paka nilichookota Mwanjelwa kilikuwa kinaharisha, kinajisaidia nyuma ya kochi, na baridi hii ya Mbeya kinatetemeka tu. Nikakipa maziwa ya ng'ombe, ndo kikazidi. Nikabadilisha maranda ya kwenye beseni lake la choo, wapi. Daktari wa mifugo akasema acha maziwa kabisa, akakipima uzito akakipa dawa ya minyoo, turudie baada ya wiki 2. Kuharisha kukakata. Ila kujisaidia ovyo bado, mpaka nilipokaa chini nikakiangalia: kinafika kwenye beseni, kinaweka vimikono ukingoni, kinashindwa kupanda, maskini kinaondoka! Nikachukua boksi la viatu nikakata upande mmoja ukabaki kimo cha vidole viwili, nikamwaga mchanga mkavu na kipande cha kinyesi chake kisikie harufu. Usiku uleule kikaingia chenyewe, kikafukua, kikafukia.