Nusu ya Picha

Sisi tuliokulia kusini mwa Tanzania tulimjua Mreno kwa sura moja tu: ndiye aliyewafanya majirani zetu wa Msumbiji wauvuke mto Ruvuma na watoto migongoni, wakaja kulima na kuishi nasi. Shuleni tuliongezewa Vasco da Gama na Ngome ya Yesu ya Mombasa, basi tukaona tumemmaliza. Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kusoma habari za Wareno wengine, wakulima maskini wa mikoa ya kaskazini kama Minho na Trás-os-Montes, ambao katika miaka ileile ya 1960 walikuwa wakiitoroka nchi yao usiku, na tangu hapo sijaacha kuwafikiria.

Serikali ya Salazar, dikteta wa Ureno, iliwabana huku na huku. Kuhama bila kibali kulikuwa kosa la jinai, na kibali chenyewe kilikuwa adimu, hasa kwa kijana aliyefikia umri wa jeshi. Vita vilikuwa vimeanza Angola mwaka 1961, Guinea-Bissau mwaka 1963 na Msumbiji mwaka 1964, hivyo kijana aliyeandikishwa alijua kwamba huenda akapelekwa Afrika kwa miaka miwili au zaidi, ilhali nyumbani kwao kipande cha shamba hakikutosha kuwalisha yeye na ndugu zake. Vita alivyovikimbia ndivyo hivyo vilivyokuwa vikipangwa Dar es Salaam, ambako FRELIMO, chama cha kupigania uhuru wa Msumbiji, kiliundwa mwaka 1962.

Safari hiyo ya siri waliiita *o salto*, yaani mruko, na mtu wa kuwavusha aliitwa *passador*. Jambo lililonigusa kuliko yote ni namna walivyolipana. Msafiri alichana picha yake vipande viwili. Nusu moja ikabaki kwa familia, nusu nyingine akaondoka nayo, akaificha nguoni akikatiza Hispania na kupanda milima ya Pirenei kwa miguu. Akifika Ufaransa salama, aliituma nusu yake nyumbani. Mke au mama aliziunganisha zile nusu mbili mezani, na uso ukikamilika, ndipo mvushaji alipolipwa pesa zake zilizobaki. Nikiwaza mikono ya mama huyo ikisogeza vipande vile mpaka jicho likutane na jicho, naona hakuna barua ambayo ingeweza kumwambia zaidi.

Kilichowangoja huko hakikuwa raha. Wengi walishukia stesheni ya Austerlitz mjini Paris wakiwa na anwani iliyoandikwa kwenye karatasi, na kwa maelfu yao anwani hiyo iliwapeleka Champigny-sur-Marne, kando ya jiji, ambako palikuwa na mtaa wa mabanda ya mbao na mabati, wenye mabomba machache ya maji na matope yaliyofika juu ya vifundo vya miguu wakati wa baridi. Wakati mtaa ulipofurika kabisa, waliishi humo zaidi ya watu 10,000. Meya wa mji, Louis Talamoni, aliwatetea, na mwaka 2016 mnara wa kumkumbuka ulizinduliwa hapo, Rais Marcelo Rebelo de Sousa wa Ureno akihudhuria. Nafurahi kwamba alikumbukwa, kwa maana meya angeweza kwa urahisi kutafuta kura kwa kuwafukuza.

Wanaume walijenga majumba na barabara, wanawake wengi wakawa walinzi na wasafishaji wa majengo ya Paris, na fedha walizotuma zikajenga nyumba mpya vijijini kwao, ambazo hadi leo nyingi hufunguliwa mwezi Agosti tu. Kufikia sensa ya mwaka 1975, Wareno walioishi Ufaransa walikuwa zaidi ya 750,000, wakiwapita hata Waaljeria.

Tarehe 25 Aprili 1974 wanajeshi wa Ureno, waliochoshwa na vita vile, waliiangusha serikali yao, na vijana waliokuwa wametoroka jeshi wakaweza kurudi kuwaona wazazi bila kujificha. Tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru. Bibi yangu hakuwahi kulisikia jina la Champigny, lakini aliikumbuka vizuri asubuhi ambayo majirani zake walifunga mizigo, wakamwachia kinu na mchi wao, wakateremka kuelekea mtoni.