Ndani ya Fremu ya Waya

Mzee aliyenifundisha kupiga picha alikuwa mpigapicha wa magazeti maisha yake yote ya kazi, na kamera yake ilikuwa Speed Graphic, ile aina ya Pacemaker ambayo kampuni ya Graflex ilianza kuitoa mwaka 1947. Ni sanduku zito lenye mvukuto wa ngozi, na hutumia filamu za kipande kimoja kimoja za inchi 4 kwa 5. Mpaka siku ya yale mashindano ya riadha nilikuwa nimeitumia kupiga vitu vilivyotulia tu. Siku hiyo vidole vyake vilikuwa vimekaza, akanikabidhi kamera mbele ya shimo la mchanga la kuruka mbali, akasema, "Leo utapiga wewe, mwanangu. Mimi nitasimama tu."

Kamera hiyo ina njia tatu za kuitazama picha kabla hujaipiga. Nyuma kuna kioo cha ukungu, ambapo lenzi huleta picha yenyewe, kichwa chini miguu juu, kulia kukiwa kushoto. Juu kuna kijibomba cha vioo, unachungulia unaona mandhari madogo, safi, yamekatwa vizuri pembeni. Mbele kuna waya uliokunjwa mstatili, unauvuta juu kutoka kwenye kibao kinachoshika lenzi. Nyuma yake, juu ya mgongo wa kamera, kinasimama kipande cha chuma chenye kitundu cha kuwekea jicho. Ubavuni kuna kipima umbali pia, lakini hicho ni cha kulenga ukali wa picha, si cha kupangia.

Mimi nilikuwa mtu wa kijibomba. Kilinipa utulivu. Ule waya niliuona kama kitu kilichobaki tu kwenye kamera, maana hauna kioo wala alama yoyote, ni uwazi mtupu.

Mzee akaanza kwa kuing'oa lenzi. Alitoa Ektar ya milimita 127 niliyoizoea, akaweka ya milimita 203, akainua vizuizi vinavyoendana nayo kwenye reli, ile ambayo lenzi husogezwa juu yake. Nikachungulia kwenye kijibomba. Kilikuwa bado kinaonyesha upana wa lenzi ya zamani, kwa sababu kila lenzi inataka kifuniko chake cha kukata pembe mbele ya kijibomba, na cha 203 hakikuwepo kwenye mkoba. Kipima umbali nacho kilikuwa kimerekebishwa kwa ile 127. Vifaa viwili nilivyovitegemea vikawa havina kazi.

"Vuta waya," akasema. "Sasa tazama, kisha niambie kama lazima nikuwekee kifuniko."

Hapa nataka kueleza polepole, maana ndipo nilipoanza kuipenda kamera ile kwa dhati. Mstatili wa waya una ukubwa unaokaribiana na wa filamu yenyewe, na umefungwa pamoja na lenzi. Jicho lako liko kwenye kitundu, karibu na mahali filamu ilipo. Kwa hiyo umbali kati ya jicho na waya ni karibu sawa na umbali kati ya filamu na lenzi, na pembe unayoiona ndiyo pembe ambayo filamu itaipata. Weka lenzi fupi, waya unakuja karibu na uso wako na unaona upana mkubwa. Weka lenzi ndefu, reli inasogea mbele, waya unakwenda nayo, na mandhari yanabanwa kiasi kile kile. Hata ukilenga kitu cha karibu, ambapo lenzi lazima isogezwe mbele zaidi, waya unajirekebisha bila kuguswa. Hakuna hesabu ya kufanya. Kinachobaki ni tofauti ya kimo tu, kwa kuwa jicho liko juu ya lenzi: kitu kikiwa karibu, kitundu kinapandishwa ili macho yainame kidogo kuelekea pale lenzi inapotazama. Kwa umbali wetu, kama mita 8, tulikipandisha kidogo sana.

Ukali wa picha tuliupata kwenye kioo. Nilichora mstari chini kwa kisigino, nikaweka kamera juu ya miguu mitatu hapo hapo, Mzee akaenda kusimama kando ya mchanga, usawa wa mahali warukaji walipokuwa wanafika juu kabisa. Kwenye kioo alining'inia kwa miguu kutoka juu, mchanga ukiwa dari yake. Tundu la mwanga la lenzi ile haliwezi kufunguka zaidi ya f/7.7, kioo hakikuwa na mwanga mwingi, lakini jua lilikuwa kali na fimbo aliyoishika ilitosha: nilisogeza reli mpaka nyufa za mti wake zikasomeka, nikakaza. Tukalifunga tundu hadi f/8. Shata ya pazia, yaani kifungua mwanga kilichoko nyuma ya kamera, tukaiweka 1/1000 ya sekunde, na ile ya kwenye lenzi tukaiacha wazi.

Kisha nikachomeka kibebeo cha filamu, na kioo kikafunikwa. Wapigapicha wa magazeti walibeba vitazamio vingine kwa sababu hiyo: filamu ikishaingia, kioo hakikuonyeshi chochote tena. Nikaondoa kamera kwenye miguu, nikasimama visigino juu ya mstari wangu, nikachomoa bamba la kuzuia mwanga.

"Macho yote mawili wazi," Mzee akaniambia kutoka pembeni.

Jicho la kulia likawa kwenye kitundu. La kushoto likabaki huru, na uwanja wote ukawepo: njia ya kukimbilia, waamuzi, wasichana waliokuwa wakisubiri zamu yao. Ndani ya waya vitu havikuwa vidogo wala vikubwa kuliko vilivyo. Mrukaji alianza kukimbia mbali nje ya fremu nami nikawa ninamwona anakuja, hatua kwa hatua, kabla hajaingia. Kwenye kijibomba angetokea ghafla. Nikamwona pia mwenzake mmoja, nje kidogo ya ukingo wa kulia, anaanza kupiga makofi na kurukaruka kwa kumshangilia. Nikasogeza kamera kidogo tu kulia, naye akaingia.

Mrukaji akakanyaga ubao. Mikono ikapanda, magoti yakaja mbele, nikabonyeza. Pazia likapita kwa sauti yake ya kitambaa kizito, na hakuna kilichozimika mbele ya macho yangu. Nilimwona akiwa hewani katika sekunde ile ile niliyompiga, na nikaendelea kumwona akishuka mchangani.

Mpigapicha wa habari Sam Shere alipopiga Hindenburg, ile meli ya angani ya Ujerumani, ikiwaka huko Lakehurst, Marekani, tarehe 6 Mei 1937, alikuwa na Speed Graphic mkononi na hakuwahi hata kuifikisha usoni. Aliipiga kutoka kiunoni. Mzee alinisimulia hilo jioni tukiwa kwenye chumba cha giza, filamu ikiwa bado kwenye dawa. Alitaka nijue kwamba kuwahi kufikisha waya kwenye jicho ni nafasi ambayo mpigapicha hapewi kila mara.

Filamu ilipokauka tukaiweka juu ya meza ya taa. Mrukaji alikuwa juu, nyayo zikituelekea, punje za mchanga zimeganda kwenye soli. Nyuma yake mwenzake alikuwa hewani pia, viganja vimekutana. Mzee akachukua vipande viwili vya kadi vilivyokatwa umbo la kona, kama walivyofanya chumba cha habari, akavisogeza huku na huku kutafuta picha ndogo ndani ya kubwa. Akavitoa.

Nilimwonyesha kwamba pembeni pote palikuwa na nafasi zaidi kidogo kuliko nilivyokuwa nimeona. Akasema ndivyo waya ulivyo: jicho hukaa nyuma ya filamu kwa kidole kimoja hivi, kwa hiyo fremu inakuonyesha pungufu kidogo na filamu inapokea zaidi. "Mhariri akitaka kukata, akate huko," akasema, akazima taa ya meza, tukaanza kuichapa nzima.