Panya wa kufugwa hupuliza kabla ya kuuma

Jumapili, usiku

Kuuma na kupuliza. Msemo huu tumeutoa kwa panya wa darini, yule anayesemekana kutafuna unyayo wa mtu aliyelala huku akiupuliza asisikie maumivu. Panya wa kufugwa hupuliza kwanza, kisha ndiyo huuma. Ndiyo maana neno "ghafla" linaniuma kila ninaposikia mtu akisema panya wake amebadilika ghafla na anataka kumtoa. Mnyama aliyelala begani mwa mtu miezi 6 hageuki usiku mmoja. Kuna jambo mwilini mwake au tunduni mwake, na ishara zilikuwepo.

Dume wa miezi 5 hadi 9 ndiye anayelaumiwa zaidi, na ndiye wa kuhurumiwa zaidi, kwa sababu homoni za ujana ziko kileleni. Mtazame akianza: manyoya yanasimama kuanzia shingoni hadi kiunoni mpaka aonekane amenenepa; mgongo unapinda; anamjia mwenzake, au mkono wako, kiubavu badala ya kuja usouso; mkia unapigapiga sakafu; hewa inatoka puani kwa mpulizo mfupi, "fyu". Ubavu anausugua kwenye kuta, na matone ya mkojo anayaacha kila apitapo. Ukiona haya usitie mkono tunduni, hata kama jana ulimbeba. Mafunzo hayamtoshi dume wa namna hii. Dawa ni kumhasi, kwa daktari wa mifugo aliyezoea wanyama wadogo. Panya hawezi kutapika, kwa hiyo hakuna haja ya kumlaza njaa usiku kucha kabla ya upasuaji. Ukali nao hauondoki kesho yake: homoni hushuka taratibu kwa wiki kadhaa, na katika muda huo bado anaweza kumpa jike mimba. Watenge.

Jike akianza kuuma, swali la kwanza ni mimba. Huibeba siku 21 hadi 23, na wauzaji wengi huchanganya madume na majike, kwa hiyo anaweza kuja nayo nyumbani. Akishazaa hulinda kiota kwa meno, hasa wiki mbili za mwanzo. Mtoe kwanza kwa kipande cha chakula, mweke kwenye kisanduku, ndipo usafishe. Watoto wa kiume watenganishwe na mama yao wakifika wiki 5.

Aliyevuka mwaka mmoja na nusu na hajawahi kuuma, mimi huwaza maumivu kabla ya tabia. Mpapase kwapani na kwenye kinena kama kuna uvimbe. Geuza nyayo utafute vidonda. Kichwa kilichoinama upande mmoja huashiria sikio. Mkoromo kifuani huashiria mapafu. Meno ya mbele kuwa ya rangi ya chungwa ni kawaida, wala si uchafu. Tatizo ni yakipinda au kurefuka hadi ashindwe kutafuna. Ute mwekundu machoni na puani si damu, lakini ukizidi ni dalili ya msongo au ugonjwa. Jike mzee aliyeacha kushika chakula kwa mikono na anayeyumba anaweza kuwa na uvimbe kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Huyo apelekwe kwa daktari bila kusubiri wiki ijayo.

Kisha kuna makosa yetu. Kidole chenye harufu ya dagaa ni dagaa, hasa kwa panya mweupe mwenye macho mekundu, ambaye haoni vizuri. Ukimlisha kupitia nyavu za tundu, unamfundisha kwamba kila kinachopenya hapo ni cha kuliwa. Na ukitoka kushika panya wa tundu jingine bila kunawa, umemletea harufu ya mgeni.

Akikung'ata usivute mkono kwa nguvu, ngozi itachanika zaidi. Usimpige. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kituo cha afya uulizie chanjo ya pepopunda. Ukipata homa, vipele au maumivu ya viungo katika wiki tatu zinazofuata, mwambie daktari waziwazi kwamba uliumwa na panya. Kwetu homa yoyote huitwa malaria kwanza, na homa ya kuumwa na panya, inayoletwa na bakteria, hutibiwa kwa penisilini ikitambuliwa mapema.

Kurudisha mazoea, achana na glavu nene: zinamtisha, nawe huwezi kuhisi unambana kiasi gani. Laza tunduni kitambaa ulichokivaa, alale na harufu yako. Ukilazimika kumbeba, tumia taulo, kamwe si mkia, kwa sababu ngozi ya mkia huchubuka ikatoka yote. Jioni, dakika 10 hivi, mpe mtindi kwenye kijiko kirefu: mtindi hulambwa, hauvutwi kwa meno. Akilamba siku tatu mfululizo bila kukinyakua kijiko, sogeza mkono karibu ukiwa umekunja ngumi, nyuma ya kiganja ikimwelekea. Ngozi ya hapo imekazana, meno hayapati pa kushika. Vidole vije mwisho kabisa.