Nilimwambia avumilie

Alhamisi, saa nne usiku

Wiki tatu zilizopita binti mmoja wa Mombasa, anayesoma uzamili katika idara yetu ya takwimu hapa Uingereza, alinibishia hodi. Mhadhiri alikuwa amerudisha majaribio. Lake lilipata alama za juu kuliko yote, na mbele ya darasa zima akaulizwa: "Hii nani alikusaidia?" Wengine hawakuulizwa.

Nikamchemshia chai, nikampa neno nililolishwa mimi tangu utotoni: vumilia, mdogo wangu. Chukua shahada yako uondoke.

Akanitazama. "Na wewe dada, miaka minne umevumilia, umepata nini?"

Sijalala vizuri tangu siku ile. Nilichopata nakijua: kiti katika kamati ya usawa. Iliundwa 2020, baada ya polisi wa Marekani kumuua George Floyd, mtu mweusi, wakati kila idara ilikuwa ikitoa tamko. Nilipofika tu nikaombwa niingie, maana nani mwingine? Mwaka wa masomo 2019/20 maprofesa weusi wa vyuo vya Uingereza hawakufika 1 katika kila 100, na kwetu hayupo hata mmoja. Basi kazi ya kueleza ubaguzi inamwangukia mwanafunzi, bure, huku sura ya tatu ya tasnifu yake imelala. Picha yangu lakini imo kwenye kipeperushi cha idara. Nimecheka meno yote nje.

Vikao viwili vizima tulijadili majina. Chuo kikuu cha UCL kule London, Juni 2020, waliondoa majina ya Galton na Pearson, waasisi wa takwimu, kwenye kumbi zao za mihadhara. Galton ndiye aliyeipa jina, mwaka 1883, eugenics, ile elimu ya kuamua nani anafaa kuzaa na nani hafai. Pearson akawa wa kwanza kukalia kiti cha uprofesa wa elimu hiyo, 1911. Sisi watu wa takwimu tutawakwepea wapi? Ile r ya Pearson ya kupima uhusiano naitumia kila siku. Mjadala ulinoga, sikatai. Ila hakuna aliyeuliza, hata mimi, yanayotokea darasani majaribio yakirudishwa.

Jana nikamwendea karani wa idara, mama wa makamo asiye na kamati yoyote. Akasema malalamiko ya mdomo hayana faili. Andikeni: tarehe, chumba, maneno yenyewe, nani alikuwepo, kisha dai jibu la maandishi. Miaka minne kamatini sikuwahi kulisikia hilo.

Leo tumekaa jikoni tukaandika. Wanafunzi wenzake wawili, Waingereza, wamekubali kutajwa kama mashahidi. Wa tatu, aliyekuwa amekaa ubavuni pake kabisa, anasema hakusikia kitu.

Neno moja lilitukwamisha. Yeye alitaka "alinituhumu". Mimi, kwa woga wangu wa siku zote, nikapendekeza "aliniuliza". Tumeweka lake.